Jino la Baba Mkwe

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati moja ya Dutwa, kwenye benchi la malaria (acheni kucheka, ni malaria kweli). Benchi la tohara lilikuwa na mzee mmoja, kofia ameivuta hadi puani. Nilimjua: ndiye anayetangaza kijiweni kwamba kisu ni cha ng'ombe, Msukuma hakatwi.

Mara akaingia mume wa binti yake. Akaganda mlangoni. Kwetu mtu na baba mkwe wake hawatajiani hata suruali.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umefuata nini huku?"

"Jino, baba. Na wewe?"

"Jino."

Wakakaa benchi moja, kila mmoja kashika shavu lake na kutazama ukuta wake.

Nesi akachungulia. "Wa tohara, aingie mmoja!"

Kila mmoja akazidi kubana shavu lake.

"Baba, tangulia. Wewe ndiye mkubwa."

"Aah, tangulia wewe. Jino lako bado changa."

Nesi alicheka hadi akashika mlango, lakini wote wawili walihudumiwa.

Wiki hii mzee yuko kijiweni, ameketi kwa uangalifu mkubwa, miguu kaipanua. Habari za kisu hataki tena kuzisikia. Anawaambia vijana kwa upole, "Wanangu, nendeni zahanati. Msidharau meno."