Damu Iliyokataa

Pumzi ya baba ilianza kunuka kabla hatujajua kwamba anaumwa. Ilikuwa harufu ya mkojo uliokauka kwenye mkeka, na haikuondoka hata alipotafuna majani ya mnanaa ambayo mama alimchumia nyuma ya nyumba. Kisha ikavimba miguu, ukavimba uso, likafuata tumbo. Jioni mimi ndiye niliyempaka mafuta ya ng'ombe, na nikawa naliona kovu dogo kando ya kitovu chake likitanuka wiki hadi wiki. Nilikuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, na nilimuuliza lilitoka wapi. Akasema nitaambiwa nikikua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Gisenyi, na watu walikuwa wamezika wengi mno katika miaka michache. Ugonjwa wa mtu mmoja, anayekufa polepole kitandani mwake, karibu uonekane kama anasa.

Mama alimpeleka kwanza Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji ya moto, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba maji yale huondoa uvimbe. Alikaa humo hadi ngozi ikawa nyekundu, na uvimbe ukarudi naye nyumbani. Ndipo daktari akasema figo zote mbili zimekwisha kufa. Watawa wa parokia walihangaika hadi wakapata hospitali ng'ambo itakayompokea, lakini kwa sharti: aende na mtu aliye tayari kutolewa figo moja, mwenye damu inayopatana na yake. Damu ya mama ilipimwa, ikakataa. Ndugu wa baba aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, baba mdogo Faustin wa Rugerero, tumbo moja na baba. Alikuja, akanywa chai, akavitazama viatu vyake kwa muda mrefu. "Mi niko na batoto, shemeji," alimwambia mama. "Tuombe Mungu kwanza." Tukaomba. Hakuwahi kukunja mkono wa shati ili apimwe, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza kwa nini. Mimi niliuliza, nikafukuzwa sebuleni.

Sebuhoro alikuja bila kuitwa. Alikuwa mvuvi wa Nyamyumba, mtu mfupi mwenye mabega mapana, na alinuka sambaza, dagaa wa ziwani, hata siku ya Jumapili. Alikuwa na watoto wengi kuliko baba mdogo. Siku hiyo ndipo nilipoambiwa habari ya kovu. Walipokuwa vijana, yeye na baba walikuwa wamenywana: kila mmoja alichanjwa kando ya kitovu, damu ikakingwa kwenye jani, na mwenzake akainywa. Tangu siku ile walikuwa ndugu kuliko ndugu, na agano lile, ambalo sisi huliita igihango, huishi tumboni. Atakayemsaliti mwenzake, agano humvimbisha hadi afe. Katekista aliliita mambo ya kipagani, lakini hata yeye hakuthubutu kulicheka. Kwa Sebuhoro jambo lilikuwa wazi. Kama hospitali inataka damu iliyo sawa, yake ilikwisha kuwa ndani ya baba miaka mingi. Mama alifurahi, akasema undugu ni kufaana, si kufanana. Nimeuchukia usemi huo tangu siku tuliyokwenda hospitali, maana kule walitaka kufanana.

Nilikuwepo kwa kuwa mimi ndiye niliyebeba chupa ya uji. Baba alikuwa amelala kwenye chumba chenye wagonjwa wengi na ndugu zao, na daktari alisimama kando ya kitanda akasema, bila kuzunguka, kwamba damu hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Sebuhoro hakuelewa. "Munganga, pima tena," alisema. "Damu yangu iko ndani ya huyu mutu tangu tuko bijana." Daktari alijibu kwa upole kwamba ile aliyomnywesha iliishia tumboni, kama uji. Nadhani baba aliona uso wa rafiki yake na akataka kumwinua. Alicheka kidogo, kwa pumzi ile mbaya, akasema, "We Sebuhoro, kumbe siku ile ulininywesha ya mbuzi."

Sebuhoro naye alicheka, huku machozi yakimtoka. Lakini chumba kizima kilikuwa kimesikia, na maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya wiki kwisha, sokoni walikuwa wanasema kwamba mvuvi alidanganya agano kwa damu ya mbuzi, ndiyo maana damu ilikataa, ndiyo maana baba amevimba. Nilijiuliza, kama msaliti ndiye huvimba, mbona aliyevimba ni mwingine? Swali hilo halikumsumbua mtu. Mkewe Sebuhoro alirudi kutoka sokoni na kapu la sambaza likiwa bado limejaa. Baba alimwambia kila mgeni kwamba ulikuwa utani, nao waliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa. Alikufa mvua zilipoanza. Makaburini baba mdogo alihutubia kwa sauti nzuri juu ya damu ya ndugu. Sebuhoro alisimama mbali, barabarani, kofia mkononi, na hakuna aliyemwita.

Siku hizi figo hupandikizwa Kigali, hakuna haja ya kuomba ng'ambo. Nimesoma chuo kikuu, na nimesoma pia kwamba ziko nchi ambako mtu ambaye damu yake haipatani na ya mgonjwa wake humpa figo mgonjwa wa familia nyingine, na familia ile humpa wa kwake. Kwa hiyo siku hizi ule utayari wa Sebuhoro ungeweza kutumika. Nilikwenda Nyamyumba kumweleza. Ni mzee sasa, hashuki tena ziwani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama baba angepona. Nikasema sijui. Kisha akafungua vifungo vya shati na kunionyesha kovu lake kando ya kitovu.

"Haikukuwa ya mbuzi," alisema.

Mimi siamini jambo bila ushahidi. Nililitazama kwa muda mrefu. La pili, la kulilinganisha nalo, tulilizika.