Mwalimu wa Kwenye Kompyuta

Tirzah Lindqvist alikuwa wa kwanza darasani miaka yote ya sekondari, na wa mwisho pia, maana darasa lilikuwa ni yeye peke yake. Alisomea kwenye meza ya jikoni, kando ya dirisha linalotazama ng'ombe, huko kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, Marekani, ambako jirani husalimiwa kwa honi ya gari, tena ukibahatika kumwona.

Mama yake, Marlys, hakuwa na imani na shule za mjini, akamwandikisha shule ya mtandaoni. Shule hiyo haikutambuliwa na yeyote ila wenyewe waliojichapishia vyeti. Marlys alilijua hilo na hakulijali. "Hesabu ni hesabu," alisema. "Mbili na mbili haziombi kibali."

Hesabu alifundishwa na Bwana Ostrander, mzee wa tai ya kahawia aliyetokea kwenye kompyuta kila asubuhi na kusema, "Haya wanangu, jana tuliishia wapi?" Tirzah alimjibu kwa sauti. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana." Wasichana wenzake walikuwa na mashangazi na mashoga wa kuwapa siri zao, yeye alikuwa na Bwana Ostrander.

Sasa alitaka chuo cha kijeshi. Mama alidhani ni uzalendo. Ukweli ni kwamba binti aliona picha ya vijana waliopanga mstari, bega kwa bega, akawaonea wivu mpaka akakosa usingizi.

Meja Pruitt, mstaafu anayewaongoza waombaji wa chuo hicho katika wilaya ile, akaja nyumbani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tirzah alikuwa mlangoni kabla gari halijazima.

"Darasani ulikuwa wa ngapi?" Meja aliuliza.

"Wa kwanza, Afande."

"Kati ya wangapi?"

"Mmoja, Afande."

Meja alicheka hadi akashika meza. "Basi hata mimi ningeongoza! Na mwalimu mkuu nani?"

"Mimi," alisema Marlys.

"Mshauri wa wanafunzi?"

"Mimi. Mpishi pia mimi, kwa hiyo kula hiyo keki kabla haijapoa. Mwanangu ana akili, Meja. Chema chajiuza."

"Chajiuza sokoni, mama, siyo jikoni." Kicheko kikatoweka usoni mwa Meja. "Tirzah, sisemi hujui. Nasema hakuna anayejua kama unajua. Shule yako chuo hawaitambui. Niletee barua ya mwalimu wa hesabu anayekufahamu, asiwe ndugu yako. Bila hiyo, mwaka huu sahau."

"Yupo, Afande!" Tirzah karibu aruke. "Bwana Ostrander!"

Meja alipoondoka tu, Tirzah akapiga simu kwenye ile shule. Akapokea mwanamke mmoja.

"Ostrander? Yule wa kwenye video?"

"Ndiyo. Mimi mwanafunzi wake."

"Jamani, mdogo wangu. Yule mzee alirekodi masomo yale zamani. Ameshafariki. Nadhani wewe hata shule ulikuwa hujaanza. Hukuambiwa?"

Tirzah alitoka akaenda kusimama kwa ng'ombe. Alilia kilio cha mfiwa, huku akiona haya, maana hata jina la kwanza la marehemu hakulijua.

Kesho yake akafungua somo. "Haya wanangu, jana tuliishia wapi?" Safari hii hakujibu. Alikaa tu, mikono mapajani. Mzee naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana."

Mwaka ule ukapita bila chuo. Meja alimshauri akae mwaka mmoja kwenye chuo cha mjini, mbele ya mwalimu anayepumua, kisha aombe tena. Marlys alimwekea tu funguo za gari mezani, pale palipokuwa kompyuta.

Siku ya kwanza alikaa kiti cha nyuma kabisa. Mwalimu, Bi Vesely, alikuwa amewapa mgongo, akiandika ubaoni. "Na hapa tunapata ngapi?" aliuliza. Wanafunzi wakachungulia madaftari yao. Tirzah, kwa mazoea yake ya jikoni, akajibu kwa sauti bila kunyoosha mkono.

Darasa zima likageuka. Kuna aliyecheka. Tirzah aliinamisha kichwa akangoja kile kimya kidogo, na yale maneno mawili ya Bwana Ostrander.

Bi Vesely akageuka, chaki mkononi. "Umekosea."

Tirzah akainua macho.

"Umesahau alama ya kutoa. Nani wewe? Unaitwa nani?"

"Tirzah," alisema.

"Haya Tirzah, njoo ubaoni tuone umepotelea wapi."