Kimo Kilichokuja na Mashine

Meneja aliponiambia nikiache kimo cha jengo la jirani kama mashine inavyokitoa, nilipaswa kukataa. Sikukataa.

Kazi ya kuchora ramani za majengo niliianza kwa kalamu ya wino na rula, katika ofisi ya serikali mjini Tanga. Siku ya kwanza Mchoraji Mkuu alinipa wembe nikwangue makosa ya wenzangu kwenye karatasi angavu. "Kabla hujamchorea mtu nyumba," alisema, "simama kwa jirani yake utazame anaona nini."

Miaka ya shida hata karatasi ziliadimika. Biashara zilipofunguliwa nilipunguzwa kazini, nikaajiriwa na ofisi binafsi yenye kompyuta. Humo unachora umbo bapa, mstatili tu, kisha unaliamuru linyanyuke liwe jengo. Usipoandika kimo, mashine huweka chake, kile kile kwa kila umbo: kimo cha nyumba isiyo na ghorofa.

Shangazi Bi Time, Mpemba aliyenilea pale Chumbageni, alitaka kuijenga upya nyumba yake, akanipa mimi niichore. Kiwanja cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini mwenye kiwanja hicho alikusudia ghorofa, na ramani ya ghorofa hiyo pia niliichora mimi.

"Kwenye picha ya shangazi yako, jengo la nyuma liachie kimo cha mashine," Meneja aliniambia. "Yule wa ghorofa hataki kelele kabla hajajenga."

Shangazi akaja kuona picha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Televisheni gani hii isiyo na taarabu?" Akacheka, kisha akagusa kioo. "Na huyu wa nyuma?"

"Jirani, akijenga."

"Mfupi, alhamdulillahi. Uwani nitapika kichwa wazi."

"Inshallah," nikasema.

Nyumba ikajengwa. Ghorofa nayo ikapanda, madirisha yake yakatazama uwani moja kwa moja. Nilimkuta Shangazi anakuna nazi ndani ya baibui, jasho linamtiririka.

"Ni mashine, Shangazi. Ndivyo ilivyopangwa tangu kiwandani."

Hakuinua macho. "Mashine haikuniambia inshallah, mwanangu."

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi wakinionyesha picha zao, huwauliza kimo cha kila jirani wamekiandika wao au kimejiweka. Wengi hawajui.

Shangazi aliiuza ile nyumba, akarudi Pemba. Salamu zangu alizipokea, mimi mwenyewe hakutaka kuniona. Alipofariki niliarifiwa wakiwa wamekwisha kumzika. Sikuwa na mama mwingine.