Filimbi ya Bi Twende

Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu, na wanafunzi walimwita Bi Twende. Kila safari ya shule, filimbi ya kuwakusanya wanafunzi alimpa yule mwenye haya kuliko wote. Siku ya kutembelea kiwanda cha sabuni alimpa msichana ambaye alikuwa hajawahi kujibu swali darasani.

“Huyu? Leo tutalala huku!” wenzake walicheka.

Saa ya kuondoka ilifika, watoto wametawanyika kila kona. Bi Twende alijikaza asimsaidie, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Mara filimbi ikalia, ikashinda mngurumo wa mashine!

“Jipangeni mstari! Hata mwalimu!” msichana aliamuru.

Bi Twende alitangulia mbio, macho yamejaa machozi ya furaha. Ndani ya basi, wale waliocheka waligombania kukaa na msichana huyo.