Presha ya Oili kwa Mdomo wa Beryl

Beryl Tunnicliffe alikuwa mwanamke mkweli. Ulizia mtaa mzima pale Leek, mji mdogo wa Uingereza, watakuambia hivyo: kasisi alimwachia funguo za kanisa, na majirani walimwachia paka wao wakienda likizo. Kwa miaka mitatu alikuwa amesema uongo mmoja tu. Tatizo ni kwamba aliusema kila Jumapili, kila baada ya maili mbili.

Uongo wenyewe ulihusu presha ya oili. Mumewe Desmond, tarishi mstaafu, alikuwa na gari la michezo la mwaka sitini na sita, jekundu, viti viwili, paa la turubai lililovuja upande wa Beryl peke yake. Mtu aliyelimiliki zamani, sijui alikuwa na akili gani, aliifunga geji ya oili mbele ya magoti ya abiria. Desmond akivaa miwani ya kusomea anaiona geji ila haoni barabara; akiivua anaona barabara ila haoni geji. Kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa ya Beryl. Mume anauliza, "Ngapi?" Mke anajibu, "Sitini." Wanasonga mbele.

Siku uongo ulipozaliwa walikuwa wanatoka Buxton, wanakatiza nyika ya juu, mvua inapiga ubavuni. Mshale wa geji ukatoka hamsini na nane, ukaporomoka hadi sifuri, ukalala. Na Beryl, jamani, haja ndogo ilikuwa imembana tangu Buxton. Alimjua mumewe. Akisikia sifuri, yaani injini haipati oili, atasimama palepale, atafungua boneti, na saa mbili zitapita akikodolea macho injini.

"Ngapi?" Desmond akauliza.

"Hamsini na nane," Beryl akasema, na wakafika nyumbani salama.

Jumapili iliyofuata mshale ulikuwa umelala vilevile na gari linanguruma vilevile. Kumwambia sasa kulimaanisha kumwambia na ya wiki iliyopita. Akasema sitini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; ya Beryl ilifika maili elfu nne. Na Desmond angegundua vipi? Injini ikizimwa, mshale wa geji nzima na wa geji mbovu yote hulala sifuri, na bila Beryl gari halikutoka nje.

Tena akawa fundi wa kutunga. Kukiwa na joto anashusha kidogo, kukiwa na baridi anapandisha. Siku moja karibu na Longnor alitoa arobaini na saba na nusu, na Desmond alifurahia ile nusu kama mtu aliyepata mjukuu. Namba zote aliziandika kwenye madaftari akirudi nyumbani. Akachora grafu kwa kalamu za rangi. Akazitolea mhadhara kwenye klabu ya magari ya zamani, saa nzima na nusu, na wazee wazima wakanyoosha mikono kuuliza maswali. Beryl alikaa mstari wa nyuma anagawa keki, masikio yanamwaka moto.

Sasa, Jumatano moja ya mwezi wa tano, Beryl akashikwa na mafua. Desmond alitaka kujaribu breki mpya, akamchukua rafiki yake Lionel Heathcote, fundi magari mstaafu, akae kiti cha Beryl. Walitoka saa nne asubuhi. Saa tano Beryl akachungulia dirishani na leso puani, akaona trekta la jirani linavuta gari jekundu, na Desmond ndani yake ameshika usukani kama anaongoza jeneza.

"Sifuri," Desmond akasema mlangoni. Hata kofia hakuvua. "Lionel amesoma sifuri."

"Huenda macho yake mabovu," Beryl akasema.

"Shemeji, macho yangu mazima," Lionel akasema nyuma yake. "Tumezima injini palepale. Dakika moja zaidi ingejisaga yenyewe."

"Basi huenda geji ndiyo mbovu."

Desmond akamtazama kwa huruma. "Geji mbovu vipi, Beryl? Jumapili ilisoma sitini. Umeisoma mwenyewe."

Hapo ndipo Beryl alipojua kwamba amejichimbia shimo. Lionel akaeleza polepole, kwa upole, maana shemeji ana mafua. Geji hufungwa kwa bomba jembamba linaloleta oili. Bomba lingepasuka, zulia lingejaa oili, na zulia ni kavu. Geji ingekuwa inachoka, ingeanza kusoma ovyo ovyo, na daftari linaonyesha miaka mitatu ya namba safi. "Namba zinaenda vizuri hivi, halafu ghafla sifuri? Hizo ni beringi zimekwisha, shemeji. Daftari halidanganyi."

"Si ungeleta geji yako ya kupimia, ujaribu tu?"

"Ya nini? Kuwasha injini ya namna hiyo ni kuimalizia."

Injini mpya ya gari lile ilikuwa haipatikani tena, na Desmond alikuwa na miaka sabini na nne na mgongo usiotaka kuinama. Akampigia simu Gerald Ormerod wa Cheshire, mtu anayenunua magari mabovu na kuyachinja kwa ajili ya vipuri. Atakuja Jumamosi saa nne na trela.

"Tutanunua kagari kadogo kenye paa la bati," Desmond akamwambia mkewe. "Kenye hita. Hutalowa tena."

Tusifichane: Beryl aliwaza. Hita. Paa lisilodondosha maji shingoni. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ameshazoea. Lakini Alhamisi Desmond alisukuma kando chapati zake za shayiri zenye jibini na bekoni, chakula ambacho hakuwahi kukikataa hata alipovunjika taya. Ijumaa Beryl alimkuta gerejini anaosha gari, na machozi yanamtoka, anasema ni sabuni. Beryl akarudi jikoni akakaa. Akisema, gari litapona, lakini mume wake hatamwamini tena, hata akimwambia nje kuna jua. Akinyamaza, imani ya mumewe itabaki, na gari litachinjwa. Alijaribu kutafuta njia ya tatu hadi birika likakauka maji.

Jumamosi Ormerod alifika saa nne kasoro dakika chache; Lionel naye alikuja kusaidia kusukuma. Mtu mnene, mcheshi. Akafunga kamba mbele ya gari, akaanza kuzungusha winchi. Magurudumu ya mbele yalipopanda trela, Beryl akatoka na aproni na ndara.

"Msilivute," akasema. "Injini nzima. Geji ndiyo ilikufa. Ni miaka mitatu sasa tangu ife."

Ormerod akaacha winchi. Desmond akasema taratibu, "Jumapili ulisema sitini."

"Nilisema. Sikusoma. Namba zote za tangu siku ile ya mvua ya Buxton nimezitunga mimi."

Lionel akaanza kukagua viatu vyake, maana watu wa kule mke na mume wakiambiana ukweli hadharani, viatu hupata kazi.

"Hata ile nusu?" Desmond akauliza.

"Ile nusu niliitunga nikimenya yai."

Hakuna aliyecheka, ingawa Ormerod aligeuka akakohoa muda mrefu. Lionel akaenda kuleta geji yake ya kupimia. Akafungua lile bomba jembamba pale linapoingia kwenye injini, akafunga geji yake mahali pake, akamwambia Desmond awashe. Mshale ukapanda ukasimama sitini na mbili. Ndani ya bomba la zamani akatoa uchafu mweusi mzito kama uji ulioungua. Ormerod akarudi Cheshire na trela tupu na kipande cha keki.

Desmond hakugomba. Afadhali angegomba. Alikuwa na adabu wiki nzima: "Asante sana kwa chai, Beryl." "Samahani, Beryl, naomba chumvi." Miaka arobaini na tisa ya ndoa hajawahi kuomba chumvi, alikuwa anainyakua tu. Beryl alilia mara mbili, bafuni, maji yakiwa wazi. Jumapili Desmond akasema bomba jipya limefungwa na geji inafanya kazi, na kwamba anaweza kuja, akipenda.

Alipenda. Maili mbili baada ya Leek, Desmond akauliza, "Ngapi?"

"Sitini na mbili."

Desmond akaegesha pembeni bila kuzima injini, akavaa miwani ya kusomea, akainama juu ya magoti ya mkewe, akaangalia. Hamsini na moja, maana gari lilikuwa limesimama.

"Likisimama inashuka," Beryl akasema. "Ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo," Desmond akasema, akaondoka. Maili mbili nyingine: "Ngapi?" "Sitini na moja." Akaegesha tena, akavaa miwani, akakuta hamsini. Mara ya tano nyuma yao kulikuwa na foleni ya magari sita na trekta, na mwenye trekta alikuwa anawaambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kila akisimama alichokuta ni namba nyingine, na aliyoitaka ilikuwa ile ya mwendoni, ambayo hapakuwa na namna ya kuijua isipokuwa kwa mdomo wa Beryl. Alikaa na miwani mkononi, akapigwa honi tena, akaitia mfukoni.

Wakaanza kupanda kilima.

"Ngapi?"

"Hamsini na tisa."

Beryl alisubiri aegeshe. Hakuegesha. Alibadilisha gia, akaendelea kupanda. Beryl akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaitazama ile geji tena, asije akawa amekosea.