Mlango wa Buluu Ulikuwa wa Nani

Siku za Ijumaa, soko la Mpondwe linapofurika watu wa pande zote mbili za mpaka, Zedekia Baluku huifunika cherehani yake mapema, huchukua gitaa na kuteremka hadi kwenye hoteli ya Siraj. Cherehani ndiyo inayomlisha. Amekuwa akishona sare za shule hapo Bwera tangu mgodi wa Kilembe ulipofungwa na vijana wa rika lake wakatawanyika kila mtu na lake. Gitaa halijawahi kumlisha. Siraj humpa chai na sahani ya wali kwa maharage, wateja humpa makofi, na mara mbili tatu kwa mwezi mtu humwita arusini au kwenye sherehe ya ubatizo. Anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama walivyopiga waliomtangulia. Uzi mmoja wa gitaa lake ni waya wa breki ya baiskeli, na shingoni amelifunga kipande cha penseli kwa mpira ili sauti ipande.

Ana miaka sitini na nane, na wimbo wanaomwomba kuliko zote unaitwa "Mlango wa Buluu". Ni wimbo wa kijana aliyesimama mvuani nje ya nyumba ya mpenzi wake, anagonga mlango wa buluu, anaomba afunguliwe. Kabla ya kuupiga, Zedekia husema maneno yale yale: "Huu niliutunga mwenyewe, wakati namtafuta mama watoto." Watu hucheka, naye huanza.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba alisema hivyo, akaupiga, na alipofika ubeti wa pili akaona mwanamke amesimama mlangoni na dumu la mafuta ya mawese mkononi. Alikuwa mtu mzima, wa miaka hamsini hivi, kitenge chake kimefungwa kwa mtindo wa wanawake wa Butembo. Alilitua dumu sakafuni polepole, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Wimbo ulipokwisha alimfuata Zedekia pale alipokaa.

"Papa, hii wimbo umeitoa wapi?"

"Nimeutunga mwenyewe, mama."

"Hapana." Hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayemsahihisha mwingine njia. "Hii ni wimbo ya baba yangu, Jean-Bosco. Alikuwa anaimba tukiwa batoto, kila siku ya Mungu. Iko marehemu sasa miaka kumi na mbili. Mimi ni Kaswera, mutoto wake wa kwanza."

Zedekia alicheka kidogo. Nyimbo huvuka mpaka kama mafuta na samaki, alimwambia. Pengine baba yake aliusikia hapa akaubeba. Kaswera hakubishana. Alijishika kiuno, akatazama chini, akaimba ubeti wa tatu.

Wimbo wa Zedekia haukuwa na ubeti wa tatu. Ulikuwa na mbili tu, na miaka yote aliona unaishia pabaya, kama mtu aliyeitwa nje katikati ya mazungumzo. Katika ubeti aliouimba Kaswera, mwanamke aliye ndani anamjibu yule kijana, anamwambia avumilie, anautafuta ufunguo gizani. Lakini si maneno yaliyomshtua Zedekia. Ni vidole. Vidole vyake vilikuwa vikiufuata wimbo ule vyenyewe, vinapanda pa kupanda na kushuka pa kushuka, kama ng'ombe wanaojua njia ya mtoni. Hakuvituma.

"Unaona?" Kaswera alisema.

Zedekia hakujua ameona nini.

Kaswera akamweleza kwamba binti yake, Sylvie, anaolewa na kijana wa Kasese Jumamosi baada ya majuma matatu. Mama yake mzazi, Anastasie, mjane wa Jean-Bosco, atavuka mpaka kuja. "Nataka mama aisikie tena mbele hajakufa. Utakuja, papa?" Zedekia aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akipanda kilima kurudi nyumbani, hakukumbuka vizuri amekubali kitu gani: kupiga gitaa, au kukiri kwamba ni mwizi.

Mkewe, Naome, alikuwa uani anamenya mihogo. Zedekia alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Mama Masika, unakumbuka ule wimbo wako?"

"Upi?"

"Wa mlango wa buluu. Niliokutungia."

"Nausikia kila siku, nitausahau vipi?"

"Niliutunga lini? Kabla sijaja kwenu, au baadaye?"

Naome aliendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Baba Masika, mlango wa kwetu haukuwa wa buluu."

"Unasemaje?"

"Ulikuwa wa mbao tupu. Baba hakuwahi kununua rangi maishani mwake. Ukifunguliwa ulikuwa unakwaruza sakafu, ndugu zangu wote wanajua nani ameingia."

Zedekia alimkodolea macho. Kwa miaka arobaini na zaidi alikuwa akiuona mlango ule kichwani mwake, buluu iliyobabuka chini karibu na kizingiti, na matone ya mvua yakiuteremkia. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo nyimbo zilivyo," Naome alisema. "Mtu akisema shingo yako ni kama ya twiga, utamwambia apime?"

Usiku ule alijaribu kumkumbuka Jean-Bosco na hakumpata. Hakumpata asubuhi pia. Jumanne akafunika cherehani akaenda Kasese, na kutoka pale akapanda boda hadi Bulembia, juu kule kwenye nyumba za mgodi, kumtafuta rafiki yake aitwaye Kule. Kule ndiye waliyekuwa wakipiga naye zamani, yeye gitaa zito la besi, Zedekia jepesi la solo. Ni mzee sasa, amevimba magoti, na kanda zao zote zilichukuliwa na mto Nyamwamba ulipofurika na kushuka na mawe. Lakini kichwa chake, kwa maneno yake mwenyewe, hakijachukuliwa.

"Jean-Bosco!" Kule alipiga goti lake na kujutia. "Yule Mkongo mrefu. Alikuja kutafuta kazi mgodini akaikosa. Alilala chumbani kwetu, mwezi mzima karibu. Umemsahau? Mlilala kitanda kimoja!"

"Nimemsahau," Zedekia alisema, na aliposema hivyo aliona haya.

"Wewe ndiye uliyemfundisha ule wimbo."

Zedekia alihisi kifua kinafunguka. Kumbe! Akainua kikombe, akanywa chai yote kwa pumzi moja. Kule naye akanywa, akafikiri, akasema, "Au yeye ndiye aliyekufundisha."

"Kule, ndugu yangu. Ni lipi kati ya hayo?"

"Sasa mimi nijue vipi? Mlikuwa mmekaa kitandani, gitaa ni moja, mnapokezana. Huyu anaweka neno, huyu anaweka sauti, mnacheka. Mimi nilikuwa napika. Kila siku nilikuwa napika! Hakuna aliyeniambia, Kule, acha chungu uje utazame nani ameanza."

"Na mlango?"

"Mlango gani? Ah, ule ni mlango wa kantini. Ulikuwa wa buluu. Jumapili moja tulinyeshewa pale sote watatu tukimsubiri mwenye ufunguo, na njaa inauma. Hakuna mwanamke yeyote mle ndani. Kulikuwa na maharage."

Zedekia alirudi Bwera akiwa mzito kuliko alivyokwenda. Njia nzima, gari lilipokuwa likikata mbuga, alijitahidi kukiweka kitanda kile mbele ya macho yake. Alikiona. Alilisikia gitaa, alisikia harufu ya chungu cha Kule. Lakini mtu aliyekaa upande wa pili hakuwa na uso. Alikuwa na mguu tu, ndani ya kandambili iliyokatwa kwenye tairi, unapiga sakafu. Na hata mguu ule Zedekia hakuwa na hakika nao. Labda ameutengeneza sasa hivi, kwa kuambiwa.

Majuma matatu yakaisha. Alimwambia Naome mara mbili kwamba hatakwenda, na mara mbili Naome akaendelea kumpigia pasi koti lake. Jumamosi akaenda.

Arusi ilikuwa ya watu wengi. Turubai lilitandazwa kwenye uwanja wa familia ya bwana arusi, upande mmoja jamaa wa Kasese, upande mwingine watu wa Butembo na Beni. Bibi arusi, Sylvie, alikuwa akijipepea kwa kadi ya mwaliko. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, aliketi bibi kizee mwembamba amejifunga kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya mkongojo. Zedekia hakuhitaji kuambiwa. Huyo ndiye Anastasie, mjane wa Jean-Bosco.

Alipiga nyimbo mbili nyingine kwanza, watu wakacheza. Kisha Kaswera akamfanyia ishara. Zedekia akafungua kinywa aseme maneno yake ya siku zote, akakifunga. Kusema ameutunga hakuweza. Kusema ni wa Jean-Bosco aliona ni kumkana kijana fulani aliyekaa kitandani kule Bulembia, na kijana huyo alikuwa ni yeye. Watu walisubiri. Wengine walidhani anakaza nyuzi.

"Huu," alisema mwishowe, "nitaupiga tu."

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili alijikwaa, akarudi, akaendelea. Wa tatu Kaswera akasimama akauimba, naye akamfuata, na kwa mara ya kwanza wimbo ulifika mwisho wake bila kukatika. Alipoinua macho, watu wa Butembo walikuwa wamesimama, na Anastasie alikuwa anamwita kwa kidole.

Zedekia aliinama mbele yake. Bibi aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza, akakipapasa kidole gumba pembeni, pale palipoota sugu.

"Na yeye kidole yake ilikuwa hivi," alisema.

"Mama, naomba nikuulize. Mlango wenu kule Butembo ulikuwa wa buluu?"

"Mulango yetu?" Anastasie alishangaa. "Ilikuwa ya mabati. Buluu itoke wapi? Jean-Bosco alirudi kutoka Uganda na hii wimbo, anaimba mulango ya buluu asubuhi, mulango ya buluu magharibi. Nikasema, basi, iko mwanamke kule Uganda, nyumba yake ina mulango ya buluu. Nilimununia mwaka muzima! Chakula nilikuwa naweka chini, sisemi kitu." Akamtazama Zedekia kuanzia viatu hadi mvi. "Kumbe ule mwanamke ni wewe?"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na Sylvie akaacha kujipepea. Zedekia hakujua kama na yeye acheke. Alipenda kumwambia kwamba mumewe hakuwa na mwanamke yeyote, kwamba ni maharage ya kantini, lakini hilo lilitoka kwa Kule na Kule husema mawili kwa kikombe kimoja cha chai.

Bibi hakuuachia mkono wake. Sauti yake ikashuka. "Alikuwa anataja jina yangu? Kule kwenu?"

Lilikuwa jambo rahisi kusema ndiyo. Bibi mwenyewe alikuwa amesogeza sikio. Lakini Zedekia alikuwa amechoka kuwa na hakika ya mambo.

"Sikumbuki, mama. Namtafuta kichwani hata uso wake siupati. Unisamehe."

Anastasie akaupiga piga mkono ule kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. "Piga tena," akasema. "Mara hii usikosee pale katikati."

Akapiga tena. Hakukosea.

Naome alimkuta kesho yake asubuhi amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Akamweleza yote, ya Kule na ya Anastasie, ya mabati na ya kantini. Naome alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliniimbia maneno ya mwanamume mwingine."

"Labda nusu. Sijui ni nusu ipi."

Utulivu wa Naome ulimtisha kuliko bibi wa Butembo. Aliona mkewe anaweza kuinuka hapo na kuondoka na miaka yao yote mkononi.

"Na siku ile ya kwanza, ulipomaliza kuimba," Naome akauliza, "unakumbuka ulisema nini?"

Zedekia alitafuta. Hakukuwa na kitu.

"Ulisema una njaa. Hukumsalimia mama yangu wala nini. Nikakuletea ugali wa muhogo na samaki, ukala hadi mifupa. Wimbo nilikuwa nimeshausahau kabla hujanawa mikono." Alisimama, akajipangusa. "Maneno ya njaa yalikuwa yako. Hayo hakuna wa Butembo aliyekuja kuyadai."

Siku hizi, kwa Siraj, Zedekia haelezi tena ameupata wapi "Mlango wa Buluu". Anauimba beti zote tatu, na Kaswera akiwa sokoni huja kusimama karibu na meza akauimba ule wa mwisho. Mtu akimuuliza ni wa nani, anasema ulitungwa Bulembia, basi.

Na ameanza mwingine. Ulimjia majuma machache yaliyopita alipokuwa akipima kaptula ya mtoto wa shule. Mistari minne na sauti yake, ghafla, bila kuutafuta. Anaupenda. Lakini hajathubutu kuupiga mbele ya watu. Amempigia Kule simu akamwimbia, amemwimbia Naome, amemwimbia mwenye boda aliyemleta kutoka Kisinga. Ijumaa iliyopita alimsimamisha Siraj na sinia la vikombe mkononi, akamwimbia mistari yote minne taratibu.

"Umewahi kuusikia popote?"

"Sijausikia, mzee."

"Fikiri vizuri. Hata redioni?"

Siraj akafikiri vizuri, chai ikipoa. "Sijausikia," alisema tena. Zedekia akamtazama muda mrefu, akatingisha kichwa, akamwomba aende akamwite mpishi.