Siku Hondohondo Waliponijibu

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Morotonga, maana wao huongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyekimbizwa na ndege mbele ya shule nzima, wazazi wakiwemo, na bibi yangu akishuhudia.

Chanzo ni Madamu Hyera, mwalimu wetu wa Kiswahili aliyehamishiwa huku kutoka Songea. Wiki ile alitufundisha ndege wa visasili, kuna anayejiunguza akafufuka kwenye majivu yake, kuna anayebeba tembo kwa kucha kama mtu anavyobeba mfuko wa nyanya, kisha akauliza, "Na huku kwenu yuko nani?" Nikanyoosha mkono (kosa la kwanza, mimi huwa sinyooshi), nikasema wetu ni hondohondo, wale weusi wakubwa wenye mashavu mekundu wanaotembea chini kama wakaguzi wa elimu, na bibi anasema wakinguruma mvua haikosi, mtu asiache kitu nje. Darasa likapiga makofi. Mimi nikapata wazo.

Jumamosi tulitakiwa kulima shamba la shule, sisi na wazazi, na Mugumu kulikuwa na mechi ambayo sikuwa tayari kuikosa. Basi nikachukua kipande cha bomba la maji, nikajibanza kwenye mkonge nyuma ya madarasa, nikavuta pumzi: huu, huu, hu-huu!

Jamani! Wazazi wakaweka majembe begani, kina mama wakakimbilia miamba ya pembeni walikoanika udaga, bibi akiwatangulia (mihogo ile ndiyo ilikuwa ugali wetu mpaka mavuno), Madamu akabaki anacheka, "Na jua lote hili?" Mzee mmoja akamjibu, "Mwalimu, huyo ndege hana utani."

Hapo ningenyamaza, ningewahi mpira. Lakini sifa tamu, nikaongeza ubeti wa pili, na nyuma yangu nikasikia kiitikio.

Nikageuka. Walikuwa wanne. Nadhani waliona nimevamia eneo lao, maana mkubwa wao alilidonoa bomba, ko! ko!, nami nikatoka mbio, na kwa akili zangu zote nikaelekea uwanja wa paredi walikojaa watu, bomba mkononi, ndege nyuma, nikampita mkuu wa shule nikamwamkia shikamoo bila kusimama (adabu kwanza).

"Wee Mwita," bibi akasema, beseni la udaga kichwani, "kumbe mvua ni wewe?"

"Ndugu zako hao wanakuita," Madamu akadakia, na uwanja mzima ukavunjika mbavu.

Adhabu yangu ikawa kuanika upya udaga wa kila nyumba, peke yangu. Nikiwa naanika, wale wanne wakaanza kunguruma kule kwenye mkonge.

"Bibi, hawa ni wenyewe, tuanue!"

"Nyamaza, ngurumo zako zimenitosha."

Saa tisa mvua ikamwagika kama imetumwa. Udaga wetu ukalowa wote, ukaoza, tukala viazi mpaka nikaviota. Bibi alikuwa akiniwekea mimi kiazi kikubwa kila siku, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa siigi tena sauti ya ndege, hata ya kuku. Ila hondohondo wakinguruma, bibi hatazami mawingu, anaita kwanza, "Mwita! Uko wapi?" Nami, hata niwe chooni, napaza sauti, "Niko hapa, Bibi, siyo mimi!" Ndipo anaanua.